Komwe Juu ya Karatasi Nyeusi

Sipendi kusifiwa. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue yuko na mtu wa namna gani. Ukinipikia pilau nikakwambia chumvi imezidi, usinune, kwa kuwa hivyo ndivyo ninavyopenda na mimi kuambiwa. Sikuzaliwa hivi. Nilifunzwa na wanaume watatu waliokuwa wakikaa sebuleni kwetu kila Jumapili baada ya alasiri, na wawili kati yao sikupata kukaa nao chumba kimoja hata siku moja.

Nyumba yetu ilikuwa Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili mitatu nyuma, na karatasi za picha na dawa za kusafishia filamu zilikuwa zimeanza tena kupatikana. Mume wangu alikuwa mpiga picha katika studio ya Mhindi mmoja upande wa Makadara. Wa pili alikuwa Mgoa, mtu mzima mwenye studio yake mwenyewe, ambaye sauti yake ilikuwa ya chini hata ikabidi wenziwe wanyamaze ili wamsikie. Wa tatu alikuwa karani wa reli, Mkristo kutoka bara aliyepanga chumba Ganjoni. Kamera yake aliipata kwa askari aliyekuwa akirudi kwao. Huyu hakuwa na studio wala mteja, alipiga picha kwa mapenzi tu, na mdomo wake haukuwa na breki.

Walikuwa na utaratibu wao. Kila mmoja alileta picha moja, si zaidi. Picha ililazwa juu ya meza, kisha likapitishwa bakuli la komwe, zile mbegu za kijivu tunazochezea bao. Kila asiyekuwa mwenye picha alichukua komwe moja na kuiweka juu ya picha, pale jicho lake lilipoangukia mwanzo. Hakuna kufikiri, hakuna kusema. Komwe zikishakaa ndipo waliposema mmoja mmoja, na mwenye picha hakuruhusiwa kujibu mpaka wote wamalize. Neno "nzuri" lilikuwa marufuku. Aliyeteleza akalitamka alitakiwa atoe sababu tatu papo hapo, na mara nyingi hakuzipata.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, upande wa ndani, na birika la kahawa. Nilikuwa nikipitisha sinia kwa chini na mume wangu akilipokea. Kazi yangu ilikuwa ikiisha hapo, lakini sikuwa nikiondoka.

Siku moja mume wangu aliwawekea picha ya fundi wa kuchonga milango, ambayo alikuwa amejivunia wiki nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia ni nzuri. Komwe zote mbili zikaangukia pahala pamoja: jozi ya mitawanda, viatu vya mbao, iliyoachwa mbele ya mlango, iliyong'aa juani kuliko fundi, mlango na patasi. Karani akauliza kama ile mitawanda ilikuwa ya kuuzwa. Mgoa akasema polepole kwamba mikono ya fundi ilikuwa imeshika chombo barabara, na kwa sababu hiyo alisikitika kwamba jicho lake lilichelewa kuifikia. Mume wangu alinyamaza kama kanuni ilivyotaka. Akanyamaza na jioni yote pia, nami nikajua nisimsemeshe. Asubuhi, akifunga kilemba, akasema, "Wamesema kweli." Wiki iliyofuata akarudi kwa yule fundi.

Nilimwonea wivu. Najua ni jambo la ajabu kumwonea mtu wivu kwa sababu ametiwa makosa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mimi nami nilikuwa na kamera. Ilikuwa ya kisanduku, kuukuu, iliyotupwa studio kwa kuwa mfuniko wake haufungi, nami nikaufunga kwa utepe. Mume wangu alinifunza kusafisha filamu na kuchapa katika ghala letu la chini ya ngazi, chini ya taa ya kioo chekundu. Wanawake wa mtaani waliposikia wakaanza kuniita. Studio hawakuwa wakienda, maana mpiga picha ni mwanamume. Kwangu mimi walivua buibui, wakajipaka wanja, wakakaa. Nilipiga picha maharusi ndani ya vyumba vyao, wazazi na vitoto vyao vya siku arubaini, mabibi waliokuwa hawajawahi kuona uso wao penginepo isipokuwa kwenye kioo. Na kila picha niliyowapelekea, jibu lilikuwa moja. Mashallah, mashallah. Nilipata kumpiga picha bibi harusi mmoja nikamkata utosi wote, akabaki na nyusi, na mamake akanibusu mikono yote miwili. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikalitupa buibui kitandani.

"Nataka komwe," nikamwambia mume wangu.

Akacheka. Halafu akaona sicheki.

"Utawaonyesha vipi?" akauliza. "Nyuso hizi si zako."

Alisema kweli. Kila mwanamke aliyekaa mbele ya kamera yangu aliniamini kwamba hakuna mwanamume asiyekuwa maharimu yake, jamaa asiyeweza kumwoa, atakayeuona uso wake. Amana ile niliibeba kama yai. Hata mume wangu hakuwa akiingia ghalani picha zangu zikiwa zinaning'inia kwenye uzi. Alikuwa akipiga kikohozi kwanza kule nje, kana kwamba ghala lote ni ukumbi wa wanawake.

Ni yeye aliyepata njia. Karatasi za picha zilikuwa zikija zimefungwa ndani ya karatasi nyeusi, ili zisiingiwe na mwanga, na nyeusi hizo tulikuwa tukizitupa. "Zivishe buibui," akasema. Nikakata vipande vya kadiri ya uso, nikavibandika kwa gundi nyembamba ya uwanga, upande wa juu tu, ili baadaye nivibandue bila kuichafua picha. Yeye mwenyewe akawauliza wenziwe kama wako radhi kuzitazama picha za namna hiyo. Mgoa akasema itakuwa heshima kwake. Karani akasema yeye nyuso za watu zinamsumbua vilevile, heri zifunikwe.

Jumapili ya kwanza nilitoa picha ya mama na mtoto ndani ya chumba. Nilisikia komwe zikikaa. Moja, mbili, tatu, maana safari hii mume wangu naye alikuwa na haki ya kuweka.

"Shemeji," karani akasema, "hili beseni la nguo ndilo baba wa mtoto?"

Komwe zote tatu zilikuwa juu ya beseni, lililokuwa nyuma kabisa ukutani, jeupe kupita yote. Mimi sikuwa nimeliona kabisa.

"Chumba ni kidogo!" nikasema kwa nguvu. "Ningeliweka wapi?"

"Bibi," Mgoa akasema, kwa ile sauti yake, "mwenye picha hasemi."

Uso ukanipanda moto. Nikakaa chini mkekani na sinia magotini, nikawasikiliza wakilizungumza beseni langu kwa muda mrefu kuliko watu wanavyozungumza mahari. Walipoondoka nilikuwa nimevimba kwa hasira, na chini ya hasira nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na pa kuiweka. Kwa mara ya kwanza kuna watu waliotazama kazi yangu kama kazi.

Tukaendelea hivyo miezi kadhaa. Nilijifunza kuondoa vitu. Nilijifunza kutandaza shuka jeupe upande wa kivuli ili limrudishie mtu mwanga. Nikajifunza, kwa taabu, kufunga mdomo.

Ndipo shangazi yangu akaniita.

Shangazi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa na binti mmoja tu, tuliyelala naye mkeka mmoja mpaka alipoolewa Mukalla, na toka aondoke ilikuwa mwaka wa kumi na moja. Vita vilikatiza safari, kisha watoto, kisha mambo. Shangazi hakujua kuandika, kwa hiyo barua zake kwa binti ziliandikwa na mimi. Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, aliamka asubuhi moja mdomo umekwenda upande na mkono wa kushoto hauna nguvu. Mdomo ulirudi, mkono ukarudi kiasi, lakini kope la jicho la kushoto lilibaki limeshuka nusu, na likabaki hivyo. Barua iliyofuata niliiandika mimi. Ilisema sote tu wazima wa afya, hofu ni kwenu nyinyi mlio mbali.

Shangazi alikuwa hajapigwa picha maishani mwake na alikuwa akiwacheka wanaopigwa. Siku ile alinikalisha kitako akaniambia kuna jamaa wa mkwewe atakayesafiri kwenda Mukalla baada ya wiki tatu.

"Nataka umtukulie mwanangu picha yangu," akasema. "Aone uso. Lakini wanaume wako hao wasinione."

"Hawatakuona, shangazi."

"Apa."

Nikaapa.

Picha ya kwanza nilimweka kwenye kiti cha enzi, kile cha mpingo na pembe kinachokaliwa na wageni wakubwa. Nikamvisha leso mpya, nikaondoa mabeseni yote ya ulimwengu. Jumapili nikaipeleka ikiwa imefunikwa uso. Komwe zote tatu zikaangukia mikono.

"Mimi uso wa mama huyu siujui," Mgoa alisema zamu yake ilipofika, "wala sitaki kuujua. Lakini mikono hii imekishika kiti kama mtu anayengojewa na daktari wa meno. Kama mikono iko hivi, uso nao uko hivyo hivyo."

Nilikuwa na nakala yake ndani, isiyofunikwa. Nikaitazama. Mgoa alikuwa ameuona uso bila kuuona. Shangazi alikuwa amekaza taya na kuitolea macho kamera kana kwamba ni mdai wake.

Waliponipa ruhusa ya kusema, nikauliza nifanye nini.

"Alikuwa akifanya nini kabla hujamkalisha?" akauliza Mgoa.

"Alikuwa akitunga asumini."

"Basi kwa nini ukamwondoa?"

Jumatatu ile nikarudi kwa shangazi mapema, jua likiwa bado halijapanda ukuta wa ua. Nilimwacha chini mkekani, ungo wa asumini mbele yake, sindano na uzi mkononi. Nikatundika shuka upande wa kushoto. Akatunga, nami nikangoja. Nikamwuliza jambo la binti yake, jinsi alivyokuwa akiziiba asumini na kuzitia masikioni, na shangazi akainua uso akaniambia si yeye aliyeziiba, ni weye. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Nilipoisafisha filamu na kuchapa, nilijua nimeipata. Mikono ilikuwa inafanya kazi yake, mwanga ulitembea kutoka kwenye ungo mpaka mabegani, na uso ulikuwa umeinuka, ukikaribia kucheka. Lakini mwanga ule ule mzuri haukuficha kitu. Makunyanzi yote yalikuwepo. Na kope la kushoto lilikuwa limeshuka, na chini yake shavu limelegea, lina kivuli.

Sasa nieleze kosa langu, na ni kosa ambalo mtu asiyejua kazi hii asingeweza kulifanya. Katika studio zote za mji, Mgoa kwake, Mhindi kwake, hakuna uso uliokuwa ukitoka bila kupakwa penseli. Filamu iliyosafishwa huonyesha mambo kinyume, cheusi huwa cheupe na cheupe huwa cheusi. Kwa hiyo unaipaka dawa nyembamba inatayo, kisha unachukua penseli iliyochongwa kama sindano, unajaza palipo na kivuli kwa vidoto, yaani nukta ndogo ndogo. Ukichapa, kunyanzi limekwenda. Wateja walikuwa wakitaka hivyo. Mume wangu alikuwa bingwa wake, na alinifunza, nami nilikuwa na mkono mwepesi kumshinda.

Nikakaa siku mbili na filamu ya shangazi kwenye kioo cha dirisha. Nilijaza makunyanzi. Nilijaza kivuli cha shavu. Kisha kope, kidoto baada ya kidoto, nikaliinua. Nilidhani ninamstahi. Na kwa kuwa uso ule hauwezi kuwekewa komwe na mtu yeyote, hapakuwa na wa kuniambia acha.

Jumapili iliyofuata nikapitisha picha chini ya pazia, imebandikwa karatasi yake nyeusi. Nikasikia komwe ya kwanza ikikaa. Kisha ya pili. Ya tatu ikachelewa kidogo, ikakaa. Hakuna aliyesema.

Nikadhani nimekosea jambo kubwa. Nikaweka jicho penye mshono wa pazia, jambo ambalo sikuwa na desturi ya kulifanya. Picha ilikuwa katikati ya meza, na komwe zote tatu zilikuwa juu ya karatasi nyeusi.

"Hii mara ya kwanza," karani akasema hatimaye, na hakuwa akitania. "Jicho langu limepita kwenye maua, likapanda mikono, likaenda pale moja kwa moja. Halikusimama popote."

"Kila kitu kinaelekea usoni," mume wangu akasema.

Mgoa aliinama mezani. "Picha yenyewe iko hapo chini," akasema. "Na haikupigwa kwa ajili yetu. Mimi sina la kubadilisha."

Wakati huo upepo wa baharini ukaingia dirishani, na karatasi nyeusi, iliyokuwa imebandikwa upande wa juu tu, ikainuka ncha. Komwe moja ikabingirika. Wanaume watatu waligeuza nyuso kwa pamoja, mmoja akatazama dari, mmoja ukuta, na Mgoa akafumba macho kabisa, mikono magotini, mzee mzima. Mume wangu akapapasa mpaka dirishani akalifunga. Hawakugeuka tena mpaka mume wangu alipoifunika picha kwa kiganja na kunipitishia chini ya pazia.

Nilikwenda nayo ndani nikakaa kitandani nikalia. Watu wale hawakutaka kuiba hata ncha ya uso ule, kwa kuwa waliamini kwamba chini ya karatasi kuna mtu. Nami nilijua kuna nini. Walikuwa wameheshimu vidoto vyangu vya penseli.

Hata hivyo sikuwa na ujasiri. Kesho yake nilimpelekea shangazi picha ile ile, nikijiambia kwamba yeye mwenyewe ataipenda, na akiipenda mimi ni nani. Akaitwaa, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Aliitazama kitambo. Kisha akaleta kidole chake karibu na kope, bila kuligusa.

"Hivi ndivyo nlivyokuwa siku aloondoka," akasema. "Sura hii yuwaijua. Anayo moyoni."

"Nimeitengeneza kidogo tu, shangazi. Asije akaingiwa na wasiwasi."

"Umemwandikia barua ngapi?"

"Nyingi."

"Zote zasema nini?"

Alijua nilichokuwa nikiandika kwa kuwa ni yeye aliyenitajia neno kwa neno.

"Zasema mimi mzima," akasema. "Kila nikitaka kukwambia uandike lile jengine, ulimi hukataa. Nikaona basi, na aone kwa mato yake. Mimi sitalazimika kusema. Ndiyo maana nikakubali kukaa mbele ya kidude chako." Akanirudishia picha. "Nawe umelifuta."

Hakunikemea. Angenikemea ingekuwa afadhali. Zilikuwa zimebaki siku sita jamaa yule aondoke.

Nikarudi ghalani na kitambaa laini na tapentaini. Penseli ni kitu cha rehema, haikwaruzi filamu, inakaa juu tu. Nikasugua kwa mviringo, polepole, na vidoto vya siku mbili vikaondoka kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Nikachapa. Katika beseni la dawa, chini ya taa nyekundu, uso wa shangazi ukaja: kwanza nywele, kisha jicho la kulia, kisha lile kope, limeshuka, mahali pake. Nilimwomba radhi pale pale, kwa sauti.

Shangazi alipoiona hakusema mashallah. Alisema, "Huyu ndiye," akanipa ungo nimsaidie kuchambua asumini.

Tulipoifunga picha kwa safari nilitia na komwe moja. Nikamwandikia binti yake, ambaye kwangu ni dada: kabla hujafikiri lolote, weka hii pale jicho lako lilipoangukia mwanzo, kisha niandikie ni wapi.

Miezi minne ikapita. Barua ilipokuja niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni kwa shangazi, buibui sijavua. Ilianza na salamu za kila mtu mpaka jirani aliyekwishafariki. Kisha ilisema hivi, nami naikumbuka yote: Komwe imeangukia kope la kushoto la mama. Hili silijui. Limeanza lini, na kwa nini hamkuniambia?

Nilitaka kuruka mstari ule. Miaka miwili nilikuwa nimeliruka jambo lile katika kila barua. Nikausoma.

Shangazi alikaa, mikono mapajani. Mikono ile haikushika kitu safari hii.

"Leta kalamu," akasema.

"Niandike nini?"

"Asubuhi ile. Andika yote. Andika nilivyoanguka penye mtungi, na nilivyokukataza kumwambia." Akanitazama kwa jicho moja zima na lile nusu. "Na uandike kwamba namtaka."

Niliandika kurasa tano, na kila alipokuwa akisita nilingoja, kama nilivyongoja siku ya asumini. Mwishoni tulikuwa tunalia sote wawili, na yeye alikuwa akicheka ndani ya kilio kwa sababu nilikuwa nimedondoshea wino leso yangu mpya.

Jumapili, baada ya picha za wengine kwisha, Mgoa akauliza kupitia pazia kama ile picha ya asumini ilifika ilikotumwa. Nikasema imefika, na kwamba kuna komwe ya nne, iliyowekwa Mukalla.

"Imeangukia wapi, bibi?"

"Chini ya karatasi."

Akasema, "Ndipo," na hakuuliza zaidi. Hapo nikawaeleza habari ya penseli, yote, bila kutaja nilifuta nini. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba Mgoa aliitazama mikono yake muda mrefu. Alikuwa amepaka penseli nyuso za nusu ya mji ule.

Dada yangu alikuja msimu uliofuata, na watoto wawili na sanduku moja. Nilikwenda kumpokea bandarini nikamleta kwa miguu. Shangazi alikuwa kwenye mkeka, mahali pale pale. Dada akapiga magoti bila kuvua buibui, akaushika uso wa mamake kwa mikono miwili, akaweka kidole gumba juu ya kope la kushoto, taratibu, kama mtu anayeweka komwe.

Kamera nilikuwa nayo, chini ya buibui. Sikuitoa.